Mbuzi, Gunia na Rekodi Zake

Aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia humlalamikia mbuzi. Mafundi wa programu huria wamejifunza kulichunguza na gunia lenyewe, maana msimbo huandikwa hapa, hujengwa pale, kisha hufungwa kifurushi, na mtumiaji hupokea kifurushi tu. Hawa ndio mabingwa wa kujenga na kufunga, wengine wakiwa wameshinda bila kutaka.

Gunia kongwe mojawapo linalobebwa hadi leo ni tar, la kukusanya mafaili mengi kuwa moja, lililotoka na Unix toleo la 7 mwaka 1979. Jina limetokana na kanda za sumaku, ambazo wengi wanaolitumia hawajawahi kuzishika. Make, programu ya kuendesha ujenzi, imelizidi umri. Stuart Feldman aliiandika Bell Labs mwaka 1976, na ndiyo ninayoipa taji la kosa lililodumu kuliko yote: ndani ya faili yake, mstari wa amri sharti uanze kwa alama ya tab, si kwa nafasi. Jicho halioni tofauti; make huiona, ikagoma. Feldman alisimulia kwamba alipotaka kurekebisha tayari alikuwa na watumiaji kama 12, wengi wao marafiki, akaona haya kuwavurugia kazi. Kwa staha aliyowapa watu 12, dunia nzima inahangaika na nafasi zisizoonekana hadi leo.

Namba za toleo zenye maringo kuliko zote ni za TeX, programu ya kupanga chapa ya Donald Knuth. Kila toleo la masahihisho huongeza tarakimu moja ya pai. Mwaka 2021 ilifika 3.141592653. Ameagiza kwamba akifa ibaki π kamili, na dosari zitakazokuwemo zihesabiwe kuwa tabia zake.

Kwa faili nene, taji naipa SQLite, programu ya hifadhidata. Mafaili yake ya msimbo zaidi ya 100 huunganishwa kuwa moja lenye mistari zaidi ya 200,000, na hilo ndilo unalopewa. Linaonekana kama uzembe, lakini kompaila, igeuzayo msimbo kuwa programu, ikiona kila kitu kwa pamoja hutoa programu yenye kasi zaidi. Kuna hata toleo lililokatwa vipande, kwa ajili ya vitafuta-hitilafu visivyoweza kuhesabu mistari kupita 32,768.

Kifurushi kilichozua zahama kubwa kupita kimo chake ni left-pad: mistari 11 ya JavaScript, kazi yake kujaza nafasi kushoto mwa neno. Tarehe 22 Machi 2016 mwandishi wake, baada ya mgogoro juu ya jina la kifurushi kingine, aliondoa vifurushi vyake vyote kwenye npm, ghala la vifurushi vya JavaScript. Ujenzi ukakwama hata kwa watu ambao hawakuwahi kuisikia left-pad. Kwao ilikuwa mgeni wa mgeni wa mgeni: ilitegemewa na vifurushi vilivyotegemewa na vifurushi vyao. Saa mbili hivi baadaye ikarudishwa.

Kisha kuna nusu sekunde iliyookoa wengi. Mwishoni mwa Machi 2024 Andres Freund, fundi wa PostgreSQL, aliona kuingia kwenye kompyuta kwa ssh kunachelewa kwa muda huo. Akafuatilia, akakuta xz, maktaba ya kubana data, imepandikizwa mlango wa siri katika matoleo 5.6.0 na 5.6.1. Ujanja ulikuwa kwenye ufungaji. Aliyepekua ghala la msimbo angekuta mafaili ya majaribio yasiyosomeka, basi. Maagizo ya kuyafungua na kuyapenyeza yalikuwamo kwenye tar ya toleo peke yake. Tena yalikagua kwanza kama kinachojengwa ni kifurushi cha Linux cha aina ya Debian au ya RPM. Mbuzi wa zizini alikuwa mmoja, wa kwenye gunia mwingine.

Ndiyo maana rekodi ninayoipenda ni ya udogo. Kompaila hujengwa kwa kompaila iliyoitangulia, nayo kwa nyingine, hadi unafika kwa ile inayoaminiwa tu kwa kuwa ipo. GNU Guix, mfumo wa kujenga na kusimamia vifurushi, iliwahi kuhitaji megabaiti 250 hivi za programu zilizokwisha kujengwa kama mbegu. Aprili 2023 ikatangaza mbegu ya baiti 357. Kazi yake ni kusoma tarakimu za heksadesimali na kuzigeuza baiti. Kwayo hujengwa chombo kikubwa kidogo, kwa hicho kingine, hadi kompaila ya GCC yenyewe. Kerneli na programu ya kusimamia ujenzi bado huazimwa, na watu wa Guix hawafichi hilo. Lakini baiti 357 hazijazi meseji tatu za simu: mwenye kalamu na subira anaweza kuzikagua zote, moja moja, kabla ya magharibi.