Aliye Nje ya Mlango Hahesabiwi

Kijana wa leo wa Songea hutazama video katika simu yake akiwa njiani kutoka Majengo kwenda Mfaranyaki, naye hudhani kwamba mambo yalikuwa hivyo tangu hapo. Sivyo. Yafaa tukumbushane hali ilivyokuwa kabla ya mwaka 2009, maana ndani yake mna jambo la hesabu ambalo hata mafundi wa Marekani walichelewa kulitambua.

Kutiririsha video ni kuitazama huku ingali yaingia. Mashine haingojei ifike yote. Hupokea vipande, hujiwekea akiba ya sekunde chache, kisha huonyesha vilivyokwisha kufika wakati vingine vyaja. Mfano wake ni pipa lenye bomba juu na koki chini. Maji yakiingia upesi kuliko yanavyotoka, hapana taabu. Yakiingia kwa matone, pipa hukauka, na mwimbaji husimama kinywa wazi katikati ya neno.

Kampuni ya Progressive Networks ya Seattle ilianza kutiririsha sauti mwaka 1995, ikaongeza picha mwaka 1997. Modemu za simu za wakati ule zilipitisha, zikijitahidi sana, kilobiti 56 kwa sekunde. Kwa hiyo picha ilikuwa ndogo mithili ya stempu, nayo ilirukaruka. YouTube ilipozaliwa mwaka 2005, wengi huko Marekani na Ulaya walikwisha kupata waya za kasi. Lakini Tanzania na Kenya hazikuwa na mkongo wa baharini hata mmoja. Barua pepe ya mtu wa Songea ilipanda hadi setilaiti iliyo umbali wa karibu kilomita 36,000, ndipo ishuke ng'ambo, na gharama ya safari hiyo ilikuwa kali.

Tufanye hesabu. Tuseme mkahawa wa intaneti umelipia kilobiti 128 kwa sekunde, na kompyuta zake 10 zote zina watu. Kila mmoja apata pungufu ya kilobiti 13. Wimbo wa dakika 4 uliotengenezwa kwa kilobiti 300 kwa sekunde una uzito wa megabaiti 9. Mteja wetu atangoja zaidi ya saa moja na nusu, huku akilipia kila dakika. Mwenye mkahawa aliyekataza video hakuwa mkorofi. Alitetea haki ya wale tisa waliotaka kusoma barua zao. Tena tusisahau umeme. Mji wa Songea ulitegemea majenereta ya dizeli hata mwaka 2018, ulipounganishwa na gridi ya taifa kwa njia ya kutoka Makambako. Umeme ukizimika dakika ya 80, kazi yote huanza upya.

Basi video ilisafiri kwa basi. DVD zilitoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 900 kwa kupitia Iringa, Makambako na Njombe, zikaonyeshwa katika vibanda vya video, na mara nyingine mtafsiri alieleza kwa Kiswahili chenye vichekesho vyake mwenyewe. Watu waliocheka jambo hilo hawakupiga hesabu. DVD moja ya gigabaiti 4.7, ikisafiri kwa saa 15, ni sawa na karibu kilobiti 700 kwa sekunde. Ni zaidi ya mara tano ya uwezo wa mkahawa wetu mzima, na kondakta hubeba katoni!

Sasa tuje kwa hao mafundi. Yapata mwaka 2009, mhandisi wa YouTube aitwaye Chris Zacharias aliona kwamba ukurasa wa kutazamia, kabla ya video yenyewe kuanza, ulikuwa na uzito wa megabaiti 1.2. Akaupunguza mpaka ukawa chini ya kilobaiti 100, akawapa sehemu ya watazamaji waujaribu. Ajabu ni kwamba wastani wa muda wa kungoja ulipanda badala ya kushuka. Alipochambua hesabu kwa kufuata nchi ndipo akaelewa. Watu wa Afrika, wa Amerika ya Kusini na wa Asia ya Kusini-Mashariki walikuwa wameanza kuingia. Zamani ukurasa ule ungewachukua zaidi ya dakika 20, wakakata tamaa; sasa uliwachukua dakika mbili hivi, nao wakavumilia. Wastani wa kwanza ulipendeza kwa sababu waliofungiwa nje hawakuwamo katika daftari.

Jambo hili twaliona kuwa zito kuliko habari ya nyimbo. Ofisi inayotoa somo la video kwa mkulima wa kahawa wa Mbinga, au kwa mama mjamzito wa Namtumbo, kisha ikajisifu kwamba waliolifungua wameridhika, imewauliza waliofika tu. Yapasa iwatafute wale ambao duara lilizunguka kiooni hata bando likaisha. Na dawa si ngumu: nakala nyepesi, au sauti tupu, iwekwe pamoja na ile nzito.

Mkongo wa Seacom ulianza kazi mwezi Julai 2009, ukafuatwa na EASSy mwaka 2010, na mkongo wa taifa ukapeleka kasi hiyo bara. Siku hizi seva huwa na nakala kadhaa za video ile ile, na simu huchagua kila baada ya sekunde chache ile inayolingana na nguvu ya mtandao. Hata hivyo, tarehe 12 Mei 2024 mikongo hiyo miwili ilikatika baharini, na kwa siku kadhaa nchi yetu ikaonja tena mwendo wa zamani. Siku zile, mwenye video ndani ya kadi ya simu yake ndiye aliyetazama bila kukwama.