Gorila wa Kahuzi na pesa zinazopita Miti

Washinomiya, wakati huo mji wa mkoa wa Saitama nchini Japani, ulipata wageni bila kuwatafuta. Mwaka 2007 katuni ya Lucky Star ilirushwa kwenye televisheni, hekalu la mji likaonekana ndani yake, na mashabiki wakaanza kumiminika. Wafanyabiashara wa pale waliwahi: chama chao kikapatana na Kadokawa, kampuni yenye haki za katuni hiyo, kikatengeneza mapambo ya simu na kuyasambaza kwenye maduka ya wenyeji. Mgeni aliyekuja kwa ajili ya picha akawa anaondoka na kitu alichokinunua.

Miti, mji mdogo wa mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, haijachorwa kwenye katuni, lakini picha inayovuta wageni inayo. Iko chini ya kilomita 30 kaskazini ya Bukavu, pale barabara ya Goma inapoachana na ile ya Walikale na Kisangani. Ukishika hii ya pili unapanda hadi Tshivanga, lango la Hifadhi ya Kahuzi-Biega. Miaka ya 1970 Mbelgiji Adrien Deschryver aliwazoesha gorila wa huko kuona watu, na Dieter Plage akawapiga filamu kwa ajili ya televisheni ya Uingereza. Dume mmoja, Maheshe, alifika hadi kwenye noti ya zaire 50,000 ya mwaka 1991. Mwaka 1993 majangili wakamuua.

Biashara ya utalii wa gorila ina kasoro yake tangu mwanzo. Tiketi inalipwa kwa ICCN, taasisi ya serikali inayosimamia hifadhi. Hoteli ziko Bukavu. Miti inaona magari yakipita. Walioziba pengo hilo ni wenyeji wenyewe. John Kahekwa, aliyekuwa akiwafuatilia gorila porini na kuwaongoza watalii, alianzisha Pole Pole Foundation mwaka 1992. Waliokuwa wakiwinda msituni walifundishwa kuchonga: gogo linageuka dume aliyekaa, mgongo mpana, mikono imegusa ardhi, na mgeni anambeba kwenye begi. Kazi hiyo ina marafiki Japani kwenyewe, kupitia Juichi Yamagiwa, mtafiti aliyefika Kahuzi mwaka 1978 na baadaye kuongoza Chuo Kikuu cha Kyoto.

Jirani Rwanda inaonyesha thamani ya picha nzuri. Filamu ya Gorillas in the Mist ya mwaka 1988 iliitangaza milima yake dunia nzima, na tangu 2017 kibali cha kuwaona gorila kule ni dola 1,500. Mwaka huohuo serikali ilipandisha mgawo wa vijiji vinavyozunguka hifadhi kutoka asilimia 5 hadi 10 ya mapato. Asilimia hiyo ndiyo ninayoitakia Miti kuliko bei yenyewe.

Kwa sasa hesabu zimesimama. Februari 2025 waasi wa M23 waliteka uwanja wa ndege wa Kavumu, jirani na Miti, kisha Bukavu. Vita si vigeni kwa soko hili: gorila wa sehemu ya milimani walikuwa 258 mwaka 1990, wakabaki kama 130 kufikia mwaka 2000, wakapanda tena hadi 181 mwaka 2010. Waliowalinda ni walinzi na wafuatiliaji ambao baadhi yao walikufa kazini.

Watalii watakaporudi, mikataba ya kupiga filamu isiandikwe tena kati ya hifadhi na wageni peke yao. Kila kampuni inayochukua sura za gorila hao ilipe sehemu inayojulikana kwa vijiji vya Kabare, eneo ilipo Miti, na wachongaji wapewe ruhusa ya maandishi kutumia majina na sura za madume maarufu kwenye bidhaa zao. Wabatwa, wenyeji wa asili wa msitu huo, wawe wa kwanza mezani: walitolewa msituni miaka ya 1970 ili hifadhi ipatikane, na uamuzi wa Kamisheni ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, uliotangazwa mwaka 2024, umekubali kwamba haki zao zilivunjwa.