"BADO TUNATATHMINI": SENTENSI ISIYOJIBU SWALI

Mtu aliyezoea kukifungua kitabu cha hesabu za mwaka za kampuni, au za shirika la umma, ataikuta sentensi moja katika kurasa za maelezo zinazofuata mizania. Sentensi hiyo husema kwamba viwango vipya vya uhasibu vimetolewa ila havijaanza kutumika, na kwamba uongozi bado unatathmini athari zake. Mwaka unaofuata sentensi ni hiyo hiyo. Wakurugenzi wameidhinisha, mkaguzi amepita, kitabu kimepigwa chapa. Tumeona tuizungumze leo, kwa kuwa sehemu kubwa ya fedha zinazoandikwa katika vitabu hivyo ni za wananchi wa Visiwa hivi.

Sentensi hiyo haikuwekwa kwa mapambo. Ni wajibu uliomo katika kiwango cha kimataifa kiitwacho IAS 8, kinachoitaka kampuni ieleze kiwango gani kipya kinakuja, na itoe habari inazozijua, au inazoweza kuzikadiria kwa uhakika wa kutosha, juu ya athari kitakazoleta. Maana yake ni kwamba msomaji wa hesabu aonywe mapema. Kusema "tunatathmini" mara moja, mwezi ule kiwango kilipotoka, ni jibu. Kusema hivyo hivyo miezi michache kabla ya kiwango kuanza ni kukiri, kwa lugha ya adabu, kwamba hakuna aliyekaa kitako kutathmini chochote.

Wako watakaouliza haya yanatuhusu nini sisi. Tangu Julai 2004 Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu imevikubali viwango vya kimataifa vitumike nchini Tanzania, na mabenki na mashirika ya biashara ya hapa Visiwani nayo huandaa hesabu zao kwa viwango hivyo. Vinatungwa na Bodi ya Kimataifa ya Viwango vya Uhasibu yenye makao yake London. Kiwango kikisha kutoka huko hakitungojei. Tarehe yake ya kuanza ndiyo tarehe yetu.

Tuchukue Kiwango Namba 16, cha mikataba ya kukodi, kilichotolewa Januari 2016 na kuanza kutumika tarehe 1 Januari, 2019. Kabla yake kilitawala kiwango kilichotungwa mwaka 1982, ambacho kiliigawa mikataba ya kukodi mafungu mawili. Fungu la kwanza ni mikataba inayofanana na kununua kwa mkopo. Hiyo iliingizwa katika mizania pamoja na deni lake. Fungu la pili ni kukodi kwa kawaida, na hiyo haikuonekana kabisa katika mizania. Kodi ya pango ililipwa, ikaandikwa kuwa gharama ya mwaka, basi. Lililotokea lilitazamiwa: mikataba iliandikwa kwa ustadi ili iangukie fungu la pili. Mashirika makubwa ya ndege duniani yalirusha ndege ambazo hazikuwamo katika mizania zao. Sir David Tweedie, aliyeiongoza Bodi ile ya London tangu 2001 hadi 2011, alikuwa na dhihaka yake kwamba alitamani, kabla ya kufa, apande ndege iliyomo katika mizania ya shirika linaloirusha. Bodi hiyo ilikadiria mwaka 2016 kwamba makampuni yaliyo katika masoko ya hisa ulimwenguni yalikuwa na ahadi za ukodishaji za kiasi cha dola trilioni 3.3 za Kimarekani, na kwamba zaidi ya asilimia 85 ya ahadi hizo hazikuonekana katika mizania.

Sisi tuliopitia chuoni kabla ya kuingia skuli tunakumbuka kwamba aya ndefu kuliko zote katika Kurani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandika deni. Kwa hiyo haikutushangaza kwamba wataalamu wa London waliishia kusema deni liandikwe. Kilichotushangaza ni kwamba iliwachukua muda mrefu hivyo.

Sasa tuonyeshe kiwango hicho kinavyofanya kazi, kwa hesabu ya kubuni. Shirika limekodi jengo kwa miaka 10, kwa shilingi milioni 100 zinazolipwa kila mwisho wa mwaka, na riba ambayo lingetozwa likikopa ni asilimia 12. Kwa utaratibu wa zamani gharama ya kila mwaka ni milioni 100. Kwa utaratibu mpya, siku ya kwanza shirika linaandika deni la kiasi cha milioni 565, ambayo ndiyo thamani ya leo ya malipo yote kumi, na upande wa pili linaandika haki ya kutumia jengo kwa thamani hiyo hiyo. Mwaka wa kwanza haki hiyo inachakaa kwa milioni 56.5, na deni linazaa riba ya milioni 67.8. Gharama imekuwa milioni 124.3, ingawa mwenye jengo amelipwa milioni 100 zile zile. Mwaka wa kumi gharama itashuka hadi kiasi cha milioni 67. Ukijumlisha miaka yote unapata milioni 1,000 kwa njia zote mbili.

Fedha iliyotoka mfukoni, basi, haikubadilika hata senti moja. Hata hivyo faida ya mwaka wa kwanza imepungua, na deni limeongezeka kwa zaidi ya nusu bilioni. Ikiwa shirika hilo lilikuwa limeahidi benki kwamba deni lake halitazidi kiwango fulani cha mtaji, limeivunja ahadi hiyo asubuhi moja bila ya kukopa. Ikiwa Hazina ilikuwa ikitegemea gawio, gawio hilo limepungua. Na ofisa asiyeelezwa mapema atadhani meneja ameharibu, pengine amwondoe. Mambo kama hayo yangeweza kujulikana miaka mitatu kabla, kwani kiwango kilitoka 2016 na kikaanza 2019.

Kwa nini basi tathmini huchelewa? Kwa maoni yetu, ni kwa sababu uongozi hudhani kazi hiyo ni ya mhasibu peke yake. Mhasibu hawezi kuikamilisha akiwa mezani kwake. Mkataba wa jengo umo katika kabati la mwanasheria. Mkataba wa chombo cha kubebea mizigo uko kwa ofisa wa usafirishaji, tena umeandikwa kuwa ni wa "huduma", kumbe ndani yake kimetajwa chombo kimoja maalumu ambacho shirika hukitumia litakavyo kwa miaka mitano. Huo nao ni ukodishaji. Hoteli ya ufukweni imejengwa juu ya ardhi ambayo, kwa sheria yetu ya mwaka 1992, ni mali ya umma na mwekezaji ameikodi; anayejua masharti ya kuongeza muda ni yule aliyekaa katika mazungumzo. Kiwango kinauliza: je, kuna yakini ya kutosha kwamba muda utaongezwa? Jibu hilo halimo daftarini.

Ziko nafuu kidogo. Mkataba usiozidi miezi 12 unaweza kuachwa nje ya mizania, na vitu vya thamani ndogo vile vile; watungaji walifikiria vitu vya kiasi cha dola 5,000 vikiwa vipya. Wapo walioichangamkia nafuu hii kwa kuandika mikataba ya mwaka mmoja mmoja kwa jengo ambalo wanajua hawatalihama. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mkaguzi makini atauliza kwa nini kuta zimevunjwa na kujengwa upya katika jengo la kupanga kwa miezi kumi na miwili.

Tumeyarudia hayo ya 2019 kwa kuwa mtihani mwingine umeshawekwa mezani. Aprili 2024 Bodi ile ilitoa Kiwango Namba 18, cha namna ya kupanga na kuonyesha taarifa za fedha, kitakachotumika kwa miaka ya hesabu inayoanza tarehe 1 Januari, 2027 au baada yake. Tumewasikia baadhi ya ndugu zetu wakisema kwamba kiwango hiki ni chepesi, kwa kuwa hakigusi faida ya mwisho. Ni kweli hakiigusi. Kinachogusa ni pale faida hiyo ilipotoka.

Kiwango hicho kinaitaka hesabu ya mapato na matumizi igawanywe wazi: yatokanayo na uendeshaji wa kazi yenyewe, yatokanayo na uwekezaji, na yatokanayo na ugharimiaji wa mikopo, mbali na kodi ya mapato na shughuli zilizokomeshwa. Faida ya uendeshaji lazima ionekane kwa jina lake. Basi tufikirie shirika, nasi hatumtaji mtu, ambalo kazi lililoundiwa inalitia hasara kila mwaka, lakini lina amana ya muda maalumu benki, na riba ya amana hiyo huiziba hasara, hata likatangaza faida na kupigiwa makofi. Kwa kuwa shirika hilo si benki, riba ile itahamia fungu la uwekezaji, na fungu la uendeshaji litabaki na hasara yake mbele ya kila asomaye. Vile vile uongozi ukipenda kujisifu hadharani kwa kipimo chake wenyewe cha faida, utalazimika kukieleza kipimo hicho ndani ya hesabu, ukilinganishe na takwimu za kawaida, na mkaguzi akipitie.

Hii ndiyo habari ambayo mjumbe wa bodi anapaswa kuidai sasa: faida yetu ya mwaka jana, ikipangwa kwa Kiwango Namba 18, ingesomekaje? Mhasibu mwenye vitabu safi anaweza kuijibu kwa kazi ya siku chache. Asipoweza, bodi itakuwa imejifunza jambo jingine muhimu juu ya vitabu vyake. Na waziri mwenye dhamana akiisoma tena ile sentensi ya "bado tunatathmini", ana haki ya kuirudisha na kuuliza nani anatathmini, ameshapitia nini, na amefika wapi.

Muda wenyewe ni mfupi kuliko tarehe inavyoonyesha. Kiwango kinataka mwaka wa ulinganisho nao upangwe upya kwa utaratibu mpya. Kwa benki inayofunga hesabu Desemba, mwaka huo ni 2026 wote. Kwa shirika linalofuata mwaka wa Serikali, Julai hadi Juni, ni mwaka unaoanzia tarehe 1 Julai, 2026. Na kila hati ya malipo na kila stakabadhi ya kuanzia siku hiyo lazima iandikwe daftarini kwa namna itakayoonyesha ni ya fungu gani.