Kabla ya Kununua Pikipiki Iliyotumika: Anza na Nyaraka, Malizia na Injini

Kwa Watanzania wengi, pikipiki iliyotumika ndiyo njia ya kupata chombo cha kazi au cha usafiri wa familia kwa bei wanayoimudu. Hata hivyo, bei hiyo huweza kumponza mnunuzi asiye makini. Pikipiki yenye injini iliyochoka humaliza fedha kidogo kidogo kwa fundi. Pikipiki isiyo mali ya muuzaji humaliza fedha zote kwa siku moja.

Kwa sababu hiyo, ukaguzi ufuate mpangilio: nyaraka kwanza, historia ya matumizi pili, chombo chenyewe mwisho. Wanunuzi wengi hufanya kinyume chake. Husikiliza injini, wakavutiwa na mlio wake, kisha wakaziona karatasi kuwa jambo dogo. Wasisahau kwamba injini mbovu hutengenezeka, lakini umiliki wenye kasoro hautengenezwi na fundi yeyote.

Je, anayeuza ana haki ya kuuza?

Omba kuona kadi halisi ya usajili inayotolewa na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), si nakala wala picha iliyo kwenye simu. Linganisha jina la mmiliki na kitambulisho cha muuzaji. Kisha linganisha kadi na pikipiki yenyewe: namba ya usajili inayoanza na herufi MC, rangi, namba ya fremu na namba ya injini.

Namba ya fremu kwa kawaida hugongwa kwenye shingo ya fremu, karibu na usukani. Namba ya injini hugongwa kwenye kasha la injini. Futa vumbi na mafuta kwa kitambaa, usome herufi moja baada ya nyingine. Ukikuta mahali hapo pamepigwa tupa, pamechomelewa au pamepakwa rangi upya, acha biashara hiyo. Iwapo namba ya injini peke yake haioani na kadi, huenda injini ilibadilishwa. Muuzaji akamilishe marekebisho ya usajili kabla hujalipa chochote.

Lipo jambo moja linalohitaji uangalifu wa pekee. Bodaboda nyingi huendeshwa kwa mkataba: mwenye pikipiki humkabidhi dereva, dereva hupeleka fedha kila siku au kila wiki, na pikipiki huwa yake baada ya kumaliza kiasi walichokubaliana. Dereva huonekana na pikipiki hiyo kila siku, na majirani humjua kuwa ndiye mwenyewe. Lakini kabla mkataba haujaisha, bado si mali yake. Akikuuzia, mwenye kadi anaweza kuidai, nawe utabaki kumtafuta dereva. Vivyo hivyo, kadi inaweza kuwa imewekwa dhamana kwa taasisi ya mikopo. Muuzaji akisema kadi "ipo kwa tajiri" au "ipo ofisini," omba kukutana na huyo anayeishikilia, na malipo yafanyike mbele yake. Akisema imepotea, asubiri hadi apate kadi nyingine kwa jina lake.

Historia ya matumizi na ukaguzi

Pikipiki chache huuzwa zikiwa na daftari la matengenezo. Hivyo mnunuzi hana budi kuikusanya historia hiyo kutoka sehemu mbalimbali.

Tumia namba ya usajili kuangalia deni la faini za barabarani katika mfumo wa Jeshi la Polisi, na hakiki bima katika mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA). Uliza pia kama pikipiki iliwahi kuwa na leseni ya kubeba abiria kutoka Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA). Leseni hiyo si kasoro. Inakueleza tu kwamba chombo kilifanya kazi ya biashara.

Stika ya ukaguzi wa Polisi wa Usalama Barabarani nayo isomwe kwa kiasi chake. Inaonyesha kwamba siku ile breki, taa na matairi vilikaguliwa. Haisemi lolote kuhusu hali ya ndani ya injini, wala haisemi kilichotokea tangu siku ile.

Usitegemee kilomita zinazoonekana kwenye dashibodi. Waya wa mita hukatika na kuachwa hivyo hivyo, na mita nzima hubadilishwa kwa urahisi. Fanya hesabu yako mwenyewe. Bodaboda inayotembea kilomita 100 kwa siku, siku 6 kwa wiki, hufikisha zaidi ya kilomita 31,000 kwa mwaka. Ikiwa pikipiki ya miaka mitatu iliyofanya kazi hiyo inaonyesha kilomita 9,000, mita hiyo haisemi kweli. Tazama mpira wa pedali ya breki, mipira ya kukanyagia, vishikio vya usukani na kiti: vitu hivi huchakaa kwa matumizi, na muuzaji hukumbuka mara chache kuvibadilisha vyote.

Mwisho, uliza jina la fundi aliyekuwa akiihudumia, uende ukazungumze naye. Muulize oili ilikuwa ikimwagwa kila baada ya muda gani, na kama injini imewahi kufunguliwa. Injini iliyofunguliwa si lazima iwe mbovu; linalotia shaka ni kufichwa kwa habari hiyo. Bolti zilizokwaruzwa na spana na silikoni iliyojitokeza kwenye maungio ya injini huonyesha kazi iliyofanyika.

Ukaguzi wa chombo

Nenda mchana, pikipiki ikiwa haijawashwa siku hiyo. Gusa injini: ikiwa ya moto, huenda muuzaji ameipasha ili kuficha ugumu wa kuwaka. Ikiwaka, tazama moshi. Mvuke mweupe wa asubuhi unaotoweka haraka ni wa kawaida. Moshi wa bluu unaoendelea maana yake injini inaunguza oili, na matengenezo yake ni ghali. Moshi mweusi huonyesha petroli imezidi, tatizo ambalo mara nyingi ni jepesi zaidi.

Vuta cheni kwa nyuma ya sproketi kubwa. Ikiachana na meno kwa kiasi kikubwa, au meno yakiwa yamechongoka na kupinda, seti nzima inahitaji kubadilishwa. Itoe gharama hiyo katika bei. Inyanyue pikipiki kwa stendi mbili, usukume gurudumu la nyuma kushoto na kulia. Likicheza, bushi au beringi zimekwisha. Kandamiza shokapu za mbele mara kadhaa, uangalie kama zinavuja mafuta. Kisha simama nyuma yake mtu mwingine akiisukuma katika mstari ulionyooka: magurudumu yasipofuatana, au ukiona alama za kuchomelea kwenye fremu, yamkini ilipata ajali.

Jaribu kuiendesha ikiwa una leseni ya daraja husika, ukivaa kofia ngumu. Gia zisiruke, klachi isiteleze unapoongeza mafuta, na pikipiki isivute upande mmoja unapofunga breki. Kama hujui vyombo, nenda na fundi uliyemchagua mwenyewe, si aliyeletwa na muuzaji au dalali.

Kwa nini ukague sana? Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, humlinda mnunuzi zaidi dhidi ya mtu anayeuza kitu asicho na haki ya kukiuza. Kuhusu ubora, kinga yake ni ndogo unaponunua kwa mtu asiye mfanyabiashara wa bidhaa hiyo, na haihusu kasoro ambazo ukaguzi wako ulipaswa kuzibaini.

Malipo na uhamisho

Andikeni mkataba wa mauziano mbele ya wakili, ukitaja majina, namba zote za pikipiki, bei, tarehe na kasoro zilizojulikana. Lipa kwa benki au kwa simu ili ubaki na ushahidi. Kisha kamilisheni uhamisho wa umiliki TRA. Utahitaji namba ya utambulisho wa mlipakodi (TIN), na kuna ada na ushuru wa stempu wa kulipa. Kubalianeni mapema nani atalipa nini.

Usiridhike na ahadi ya kufanya uhamisho baadaye. Muuzaji akihama, akifariki au akibadilisha namba ya simu, utakuwa na pikipiki unayoiendesha lakini huwezi kuithibitisha kuwa yako. Ununuzi umekamilika pale tu kadi inapokuwa na jina lako.