MVIVU AU MAJERUHI?

Chama chetu, tangu enzi za TANU, kimehimiza kazi. Wito wa "Uhuru na Kazi" uliwainua wananchi wakajenga barabara na shule kwa mikono yao wenyewe. Azimio la Arusha la mwaka 1967 likaweka wazi kwamba kila mwenye nguvu afanye kazi, nalo likawatoa katika wajibu huo watoto wadogo, wazee na vilema. Fundisho hilo ni jema, wala hatulipunguzi hata nukta. Lakini ndani yake mna swali ambalo wakubwa wa kazi, na hata sisi viongozi wa matawi, hulijibu kwa haraka mno: ni nani awezaye kujua, kwa kumtazama mtu kwa macho tu, kwamba anazo nguvu za kufanya kazi?

Mguu uliokatika huonekana na kila mtu, na mwenye nao hupewa kiti. Bali yuko mfanyakazi aliyeanguka kutoka jukwaa la ujenzi, au aliyepinduka na pikipiki akienda kazini. Alilazwa siku tatu, akashonwa, akaruhusiwa, na kidonda kikapona. Miezi sita baadaye anachelewa kufika, anasahau maagizo, anafoka kwa jambo dogo, anasinzia kando ya mashine. Mkubwa wake anamwandikia barua ya onyo, wenzake wanamcheka, na nyumbani mkewe anasema huyu siye mume aliyemwoa. Wote kwa pamoja wamekwisha kutoa hukumu: mvivu.

Hukumu ya namna hii ni ya zamani. Tarehe 13 Septemba 1848, karibu na mji wa Cavendish katika jimbo la Vermont, Marekani, kijana wa miaka 25 aitwaye Phineas Gage alikuwa akisimamia kikundi cha vibarua waliopasua miamba kwa ajili ya njia ya reli. Alikuwa akishindilia baruti ndani ya tundu kwa mtaimbo wenye urefu wa zaidi ya mita moja na uzito wa kilo 6 hivi. Baruti ikalipuka. Mtaimbo ukaingia chini ya shavu la kushoto, ukapita nyuma ya jicho na kutokea utosini. La ajabu ni kwamba Gage hakufa. Alisema na watu, akapelekwa mjini akiwa ameketi katika gari la ng'ombe, na daktari John Harlow akamtibu mpaka akapona.

Mwili ulipona, lakini waajiri wake, ambao zamani walimhesabu kuwa msimamizi hodari kuliko wengine, walikataa kumrudishia cheo chake. Daktari Harlow aliandika kwamba Gage amekuwa mtu wa matusi na kigeugeu, mwepesi wa kupanga mambo na kuyaacha, hata rafiki zake wakaona kwamba yule Gage wamjuaye hayupo tena. Baadaye alikwenda Chile, akaendesha magari ya farasi kwa miaka kadhaa, jambo lionyeshalo kwamba mtu wa namna hii akipata kazi yenye utaratibu aweza kuifanya. Alifariki California mwaka 1860.

Fuvu lake lilihifadhiwa, na mwaka 2012 wataalamu wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walitangaza uchunguzi uliounganisha picha za fuvu hilo na picha za ubongo wa wanaume wazima 110. Walikadiria kwamba mtaimbo uliharibu kama asilimia 4 ya gamba la ubongo, lakini karibu asilimia 11 ya sehemu nyeupe, yaani zile nyuzi ziunganishazo sehemu moja ya ubongo na nyingine. Kwa hiyo hasara ilizifikia hata sehemu ambazo chuma hakikuzigusa.

Picha hizo hupigwa kwa mashine ya MRI, itumiayo sumaku yenye nguvu nyingi. Maji yaliyomo ubongoni husogea kwa urahisi zaidi kufuata urefu wa uzi kuliko kuukata upande, na mashine hupima mwendo huo. Tangu mwaka 1994 wataalamu wana njia ya hesabu ya kuugeuza mwendo wa maji kuwa ramani ya nyuzi. Ramani hizo zimefunza jambo kubwa: ubongo ni kama nchi. Ofisi za mikoa zaweza kuwa zimesimama zote, lakini barabara na simu zikikatika, serikali haiendi. Kichwa kikitikiswa kwa nguvu, nyuzi huvutika na kukatika ingawa fuvu halikupasuka, na kipimo cha kawaida cha CT chaweza kuonyesha kwamba hapana kitu.

Kuna hasara ya pili, nayo watu wachache huifikiria. Chini ya ubongo inaning'inia tezi iitwayo pituitari, yenye ukubwa wa punje ya njegere. Ijapokuwa ndogo, ndiyo inayoziamuru tezi nyingine: ya thairoidi iliyoko shingoni, zile zilizo juu ya figo, na zile za uzazi. Shina lake ni jembamba, na mishipa ya damu iliyomo huumia upesi kichwa kikigongwa. Mwaka 2007 wataalamu waliokusanya tafiti nyingi na kuzijumlisha walikuta kwamba zaidi ya robo ya waliochunguzwa baada ya kuumia ubongo walikuwa na upungufu wa homoni za tezi hiyo. Dalili zake ni uchovu usiokwisha, baridi mwilini, kunenepa, huzuni, kukosa hamu ya unyumba, na kwa wanawake kukoma kwa hedhi. Tena upungufu wa homoni ya kortizoli waweza kuua mgonjwa akipatwa na maradhi mengine. Hebu msomaji aisome tena orodha hiyo, aone jinsi inavyofanana na yale tunayoyaita uvivu.

Tusidanganyane kwamba mashine itakuwa hakimu wetu. Ramani za nyuzi hufaa zaidi kulinganisha kundi la watu na kundi jingine, na tezi yaweza kuonekana nzima pichani hali imeshindwa kazi. Lakini homoni nyingi kati ya hizo hupimwa kwa damu, na zikikosekana kuna dawa za kuzirudisha. Mtu aliyeitwa mzigo aweza kusimama tena.

Basi wajibu wetu ni huu. Kila pigo la kichwa kazini liandikwe siku ile ile, hata kama aliyepigwa ameinuka na kusema hajambo, kwa maana pasipo maandishi atadai nini baadaye? Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 iliwekwa kwa ajili ya watu kama hao. Kabla ya barua ya onyo, kiongozi wa tawi aulize: je, ndugu huyu aliwahi kuumia kichwa? Kama ndiyo, kwanza aende kwa daktari, naye amweleze habari ya pigo lile na ya uchovu wake. Na kofia ngumu ivaliwe kichwani, jengoni na juu ya pikipiki, badala ya kutundikwa kwenye usukani.

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mvivu wa kweli tutaendelea kumkemea, maana anakula jasho la wenzake. Lakini aliyetoa afya yake kazini, kisha akatukanwa kwa sababu jeraha lake limefichwa na nywele, huyo anatudai.