Fahamu: Mwanga unavyopima ubora wa unga wa dagaa

Ni teknolojia gani?

Spektroskopia hupima jinsi kitu kinavyofyonza na kuakisi mwanga. Kwa unga wa samaki hutumika infraredi ya karibu, yenye urefu wa wimbi wa nanomita 780 hadi 2,500, isiyoonekana kwa macho.

Inafanyaje kazi?

Unga hujazwa kwenye kikombe chenye kitako cha kioo, kisha humulikwa. Maji hufyonza sana mwanga wa nanomita 1,450 na 1,940. Protini na mafuta nayo hufyonza mwanga wa nanomita zake. Mashine hulinganisha mwanga uliorudi na ule wa sampuli ilizofundishwa nazo, na baada ya muda mfupi hutoka makadirio ya unyevu, protini na mafuta, bila kemikali. Njia ya maabara ya kupima protini iitwayo Kjeldahl, ya tangu 1883, huchemsha sampuli kwa asidi ya salfa na kupima nitrojeni tu, hivyo urea iliyochanganywa humo huhesabika kama protini.

Kwa nini ni muhimu?

Dagaa wengi wa Ziwa Victoria huishia kwenye chakula cha kuku. Wakianikwa mchangani, mfugaji hununua mchanga kwa bei ya protini, na huo ni uonevu. Lakini mchanga wenyewe mashine haiuoni vizuri. Kipimo cha majivu, yaani kinachobaki unga ukichomwa, bado kinahitajika. Tena mashine iliyofundishwa kwa unga wa samaki aina ya anchoveta wa Peru isiaminiwe kwa dagaa wa Mwanza kabla ya kufundishwa upya kwa sampuli zao zilizopimwa maabara.