Idara ya usanifu majengo: wanafundishwa nini, na kwa vifaa gani?

Mzazi akisikia mwanawe amepangiwa kusoma usanifu majengo, mara nyingi husema: "Basi atakuwa mchora ramani." Kuchora kumo, lakini ni sehemu tu ya kazi. Leo tunaieleza idara hii kwa mfano wa Chuo Kikuu Ardhi, Dar es Salaam.

Chuo hicho kilianza mwaka 1956 kama shule ya upimaji ardhi. Mwaka 1974 kikawa Chuo cha Ardhi, 1996 kikawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na 2007 kikasimama chenyewe. Zamani mtu alilazimika kwenda mbali. Marehemu Beda Amuli, aliyebuni Soko la Kariakoo, alisomea Haifa, Israeli.

Lengo la idara ni kumtoa mtu anayeweza kubuni jengo linalofaa watu, mahali na hali ya hewa. Hilo la mwisho tunalitilia mkazo. Dar es Salaam jua la asubuhi na la jioni hupiga kuta za mashariki na magharibi, kwa hiyo mbunifu mzuri huweka madirisha makubwa kaskazini na kusini, hurefusha paa litoe kivuli na huacha njia ya upepo kupita. Ghorofa la vioo pande zote hudai kiyoyozi kutwa, na bili ya umeme anailipa mpangaji. Soko la Kariakoo liliezekwa kwa zege lenye umbo la miavuli iliyopinduliwa, ili kupisha hewa na kukinga maji ya mvua.

Kuhusu vifaa, cha kwanza ni studio. Si darasa la kukaa na kuandika: ni ukumbi wenye meza pana, ambako mwanafunzi huchora, hukata maboksi kutengeneza modeli, kisha hubandika kazi yake ukutani na kuitetea mbele ya walimu. Wengi hukesha humo. Zipo pia kompyuta za kuchorea, karakana na maktaba. Tukiulizwa, kompyuta tungeitaja baadaye, maana programu haimfundishi mtu kuona.

Je, mbunifu ndiye anayezuia jengo kuanguka? Swali hili lilirudi Novemba 2024, ghorofa lilipoporomoka Kariakoo na kuua watu zaidi ya 20. Mbunifu hupanga umbo na matumizi ya jengo, mhandisi hukokotoa nguzo na nondo, mkandarasi hujenga. Ndiyo maana mwanafunzi wa usanifu husoma pia misingi ya uhandisi na vifaa vya ujenzi: ajue lini amwite mhandisi, na akatae mteja anapotaka kuongeza ghorofa juu ya msingi usiolibeba.

Shahada pekee haitoshi. Mhitimu hufanya kazi chini ya msimamizi, kisha husajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi. Kabla ya kumlipa anayekuchorea ghorofa, mwombe namba yake ya usajili, kisha iulizie kwenye bodi hiyo.